Kuta Mbili za Wimbo

Mjomba wangu alibakiwa na sikio moja la kutegemea, na hilo nalo lilikuwa njiani kuondoka. La kushoto lilikwenda zamani kwenye mashine ya kusaga kokoto, na wala hakulililia. Alisema sikio moja linamtosha mtu kuitwa kazini na kuitwa msibani. La kulia ndilo lililokuwa likimponyoka sasa, mwezi hata mwezi.

Daktari wa masikio alinieleza mimi, maana Mjomba mwenyewe alikuwa ameshageuza uso anatazama dirishani. "Sikio lake halijui tena kuchagua," alisema. "Mpe sauti tupu, atasikia. Mpe sauti yenye kelele pembeni yake, atasikia kelele." Kile kifaa cha kuvaa sikioni alichopewa alikijaribu siku chache, kisha akakitumbukiza kwenye kikombe kabatini. "Kinaniletea mpaka masufuria ya jirani," alisema. "Mimi nina shida na masufuria ya jirani?"

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu ndiyo yaliyonitia haraka. Katika dunia yote hii, kulikuwa na kitu kimoja tu alichotaka kukisikia kabla sikio halijamwacha, nacho kilikuwa ndani ya santuri yenye kelele kuliko soko. Kilikuwa sauti ya mama yake.

Mama yake ni bibi yangu, mzaa mama. Alifariki Mjomba akiwa bado ananyonya, na mama yangu akiwa mtoto wa kushika upindo wa gauni. Hakuacha picha. Aliacha habari moja tu: aliwahi kuimba kwenye kundi la wanawake, na kundi hilo siku moja likaitwa studio, likarekodi santuri moja, wimbo upande huu na wimbo upande ule. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Mama yumo humo ndani." Ukimuuliza ni yupi kati ya wale wote wanaoitikia, anakujibu, "Yumo." Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa yanaishia. Santuri yenyewe ilibaki kwa kiongozi wa kundi. Ilipigwa kwenye kila sherehe ya ukoo wake, ikawekewa vikombe juu, ikapanguswa kwa pindo za nguo, mpaka yule kiongozi akafa na habari zake zikafa.

Mimi ndiye niliyeipata, na niliipata kwa umbea. Sioni haya. Mimi ni mshonaji, na chumba changu cha mbele hakikosi watu. Mteja anakuja kupimwa kiuno, anaondoka jua likiwa upande wa pili wa nyumba. Hapo katikati kapewa habari za mtaa mzima na yeye kaacha zake. Basi siku moja Mama Pacha, jirani yangu anayeleta nguo moja ya kupunguza na maneno ya kujaza gunia, alikuwa anatusimulia ugomvi wa familia fulani iliyokuwa inahama nyumba: nani kachukua kabati, nani kamrushia nani mto. Katikati ya ugomvi akataja sanduku la santuri za marehemu bibi yao aliyekuwa mwimbaji.

Nikaweka mkasi chini. "Bibi yupi?"

"Ngoja nimalize ya mto kwanza."

"Mama Pacha, bibi yupi?"

Haikuchukua wiki, lile sanduku likawa juu ya meza yangu ya kukatia. Ile santuri yetu ilikuwa ndani ya foronya, imechakaa mpaka imekuwa rangi ya majivu.

Upande wa pili wa chumba changu, ng'ambo ya ukuta wa mbao nyembamba, ndiko alikokuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi wa redio na mashine za santuri. Fundi si mtu wa maneno mengi, ila anasikia kila tunachosema. Mara nyingine unasimulia jambo, unasikia sauti ikipenya kwenye mbao: "Haikuwa Jumanne, ilikuwa Jumatano." Nikampelekea santuri. Akaiosha kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, akaikausha, akaiweka kwenye mashine. Nikamwita Mjomba.

Hapo ndipo niliposikia ubaya wake. Spika zote mbili zilitoa sauti ya mvua ya mawe juu ya bati, na katikati ya mvua mtu anavunja vijiti. Mbali huko chini, kama watu wanaoimba kwenye nyumba ya mtaa wa pili, kulikuwa na wanawake. Mimi niliwasikia. Mjomba alikuwa ameinama, sikio la kulia limegusa kitambaa cha spika.

"Unasikia nini, Mjomba?" nilimuuliza kwa sauti.

"Mvua."

"Na chini ya mvua?"

Akasikiliza. "Mvua," alisema, kwa upole kabisa, kama mtu anayetuondolea sisi aibu.

Alipoondoka, nikamgeukia Fundi. Nadhani nilikuwa nimeshaanza kulia, maana alinyanyuka haraka akatafuta kitu cha kunionyesha. Watu wa kimya ndivyo walivyo, hawajui kubembeleza. Akanipa kile kioo kidogo anachobana jichoni, akaweka taa karibu na santuri. "Shemeji, tazama hapa."

Nilitazama, nikaona shamba jeusi lililolimwa. Matuta na mifereji, mifereji na matuta, yanang'aa kama yamemwagiwa maji. Na ile mifereji haikuwa imenyooka. Ilikuwa inayumba, mara kidogo mara sana, kama nyayo za mtu anayecheza ngoma huku anatembea.

"Kuyumba huko," alisema Fundi, "ndiyo sauti yenyewe. Hapo unapoangalia kuna mtu anaimba."

Nikashika pumzi. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba nikipumua nitampeperusha. Mimi nimeishi na santuri maisha yangu yote, nimezicheza, nimezikalia kwa bahati mbaya, lakini sikuwahi kujua kwamba sauti ya mtu inaweza kuonekana. Bibi yangu amekuwa udongo tangu kabla sijazaliwa, na mwendo wa koo lake upo hapo chini ya kioo, unang'aa. Sikutaka kuondoa jicho.

"Sasa nisikilize," alisema. "Huo mfereji una kuta mbili, wa kushoto na wa kulia. Santuri hii ni ya zamani, ya mono, waliiyumbisha pembeni tu, kushoto na kulia. Kwa hiyo kuta zote mbili zinabeba wimbo uleule mmoja. Sindano yangu ni ya stirio, inasikiliza kila ukuta peke yake: huu unapeleka spika hii, ule unapeleka spika ile. Uko nami?"

"Niko na wewe."

"Wimbo ni mmoja, lakini mikwaruzo kila ukuta una yake. Halafu sindano ikikanyaga mchanga, haiendi pembeni, inaruka juu. Na ikiruka juu, ukuta mmoja unasema nenda, mwingine unasema rudi. Sasa nikiziunganisha zile sauti mbili ziwe moja, wanachokubaliana kinaongezeka. Wanachopingana kinafutana."

Nilimwelewa kabla hajamaliza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Ndoa ya watu ikivunjika, mimi simwamini mke na simwamini mume. Naketi na ndugu wa huyu, naketi na ndugu wa yule. Kila upande una chumvi yake. Kile ambacho wote wawili wanakisema bila kukutana, hicho ndicho nachukua. Nikamweleza Fundi.

"Ndiyo hivyohivyo," alisema. "Ila mimi nikiunganisha, maneno yanapungua. Wewe ukiunganisha yanazidi."

Alisema mashine yake ina swichi ya kuunganisha pande mbili. Aliitengeneza mwenyewe zamani kwa ajili ya sherehe za watu, kwa hiyo hakuna cha kusubiri. Ila tusiipige ile santuri ovyo, maana kila sindano ikipita inakula kidogo. Tuipige Mjomba akiwepo, sikio likiwa limepumzika.

Basi unadhani nilimwita Mjomba peke yake? Mimi nyumba yenye watu watatu naiona mahame. Niliwaambia wateja, wateja wakawaambia waume zao, na siku ilipofika, mchana, chumba cha Fundi kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye redio mbovu. Madirishani vichwa vilipangana kama matikiti. Mjomba alikuja na shati lililopigwa pasi na kichwa kipya, na nyuma yake Kinyozi aliyemnyoa, maana Kinyozi hakubali kichwa alichokinyoa kiende mahali bila yeye.

Fundi akashusha sindano. Mvua ya mawe ikaanza, na chini yake wale wanawake wa mbali. Mjomba akaweka sikio kwenye spika na kufumba macho.

"Sasa naunganisha," alisema Fundi, akabonyeza swichi.

Wanawake wakatoweka.

Ile mvua ikabaki, imesimama peke yake, safi kabisa, vijiti vinavunjika kimoja kimoja. Nyuma yake kilibaki kitu chembamba kama mbu aliyefungiwa chupani, basi. Fundi akakunja uso. Akazungusha kitufe, akazungusha kingine. Sisi tukatazamana.

Mjomba akafumbua macho akatutazama. Alitupitia mmoja mmoja. Alikuwa anatafuta kwenye nyuso zetu kile alichokikosa kwenye spika. Na Kinyozi, ambaye kazi yake ni kusifia vichwa vya watu kutwa nzima, hata vile vyenye mabonde, hakuweza kuyastahimili yale macho. Akainama kwenye sikio la kulia.

"Sauti nzuri sana, mzee," alisema. "Mama yako alikuwa anaimba jamani."

Nani angemwacha Kinyozi peke yake na maneno hayo? Mmoja akatikisa kichwa, mwingine akasema "kweli," Mama Pacha akajifuta macho kwa kanga. Kila mtu alikuwa anafanya wema.

Mjomba akaondoa sikio kwenye spika. Hakukasirika. Alichukua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Basi limekwisha," alisema, akagusa lile sikio kama mtu anayemgusa mgonjwa. "Nasikia kelele tu. Nyie endeleeni kumsikiliza, msiondoke kwa ajili yangu." Watu wakampisha njia, akatoka.

Vichwa vya dirishani vilimfuata kwa macho. Mama Pacha ndiye aliyesema, polepole, "Kumbe anadhani sisi tunasikia."

Nikamgeukia Kinyozi. "Wewe ulisikia nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Sauti nzuri sana, ulisema. Ipi?"

"Nilitaka afurahi."

"Umemfurahisha. Kaenda nyumbani akijua kila mtu mtaani kamsikia mama yake isipokuwa yeye."

Kinyozi akakaa juu ya redio mbovu, nayo ikalia chini yake. Ningemwongezea, maana bado nilikuwa nayo mengi, lakini Fundi aliinua mkono. Alikuwa amesimama palepale kwenye mashine, anaitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

"Imefanya kinyume," alisema. "Cha kufa kimeishi, cha kuishi kimekufa. Haijaharibika. Imefanya kazi vizuri sana, ila kinyume."

"Kama kwenye harusi ya binti yangu," alisema Mama Pacha, "mlipomla mwimbaji."

Fundi akageuka taratibu akamtazama.

Nieleze hapo. Mtaa wetu watu wanapenda kuimba wenyewe kwenye sherehe. Hakuna mjomba wa bibi harusi asiyejiona anaimba kuliko yule wa kwenye santuri. Fundi aligundua ujanja: kwenye kichwa cha sindano, ukigeuza nyaya mbili za upande mmoja, ya mbele ikawa nyuma na ya nyuma ikawa mbele, kisha ukaunganisha pande zote, basi kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Na kwenye santuri za siku hizi kinachokuwa sawa pande zote ni mwimbaji, kwa kuwa wanamsimamisha katikati. Anafutika yeye, magitaa ya pembeni yanabaki, na mjomba wa bibi harusi anakamata maiki. Sisi tunaita kumla mwimbaji. Fundi kawala waimbaji wengi mno, mpaka akaacha kuzirudisha zile nyaya. Kwa nini azirudishe, na sherehe iko kila Jumamosi?

Akafungua kichwa cha sindano, akatazama ndani kwa kioo chake. Alipoinua uso alikuwa kijivu.

"Nimemla bibi yenu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kisha Mama Pacha akacheka, akajaribu kuzuia, ikamtoka puani, na chumba kizima kikafuata, mimi nikiwemo. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshawasha kifaa cha kuchomea nyaya.

Zile nyaya ni nyembamba kuliko uzi wowote nilio nao. Kazi hiyo inataka mikono mitatu, kwa hiyo mimi nikashika kibanio, yeye akachomea. Tukazigeuza, kila moja ikarudi kwao. Santuri ya Mjomba hakuigusa. Alichukua nyingine ya mono kutoka kwenye lile sanduku, mbovu vilevile, nyimbo za watu tusiowajua, akaishushia sindano. Mvua. Akatutazama, akabonyeza swichi.

Umewahi kuwa chini ya bati mvua inapokatika ghafla? Unasikia kwanza ukubwa wa chumba. Ndivyo ilivyokuwa. Mikwaruzo mikubwa ilibaki, tak, tak, siwezi kukudanganya, lakini lile pazia lote la mvua lilidondoka chini, na nyuma yake alikuwepo mwanamume na gitaa. Hakuwa tena kwenye spika hii wala spika ile. Alisimama katikati ya zote mbili, hewani, mahali pasipokuwa na kitu chochote isipokuwa meza na bisibisi. Nilisikia kidole chake kikiteleza juu ya waya wa gitaa. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya ubeti. Mtu mmoja dirishani alipitisha mkono kati ya zile spika, polepole, kama anayepapasa kizingiti gizani, akaurudisha akautazama.

"Hakuna kilichoongezwa?" nilimuuliza Fundi.

"Hakuna. Alikuwa hapo siku zote."

Nikamshika Kinyozi mkono. "Twende."

Mjomba tulimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda anachambua misumari mizuri na iliyopinda. Ameshavua lile shati la pasi. Hakututazama. Kinyozi akachuchumaa upande wa kulia.

"Mzee, nilisema uongo."

"Eh?"

"Nilisema uongo. Sikusikia kitu."

"Sema tena."

"Sikusikia kitu," alisema Kinyozi, sasa kwa sauti ya kufikia nyumba ya tatu. "Hakuna aliyesikia. Tulikuwa tunasikia kelele tupu kama wewe. Mimi ni mwongo."

Jirani mmoja akatoa kichwa juu ya ukuta kuangalia ni mwongo gani. Mjomba akaweka msumari kwenye kopo la mizuri.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," alisema. "Nilitaka nisikie na mwisho wake." Kisha akanitazama mimi, na mzaha ukamtoka usoni. "Wewe mtoto. Ni kweli? Wote mlisikia mvua?"

"Mvua, Mjomba. Fundi aligeuza nyaya. Njoo."

Hakusogea mara moja. Nikaona anaogopa, na nikajua anachoogopa. Mara ya kwanza alikuwa na mahali pa kuegemeza lawama. Safari hii, kama sauti ikija na yeye asiisikie, hakuna nyaya tena. Akatazama mikono yake. Kisha akaingia ndani akatoka na lile shati.

Tuliporudi watu walikuwa wengi kuliko mwanzo, maana habari ya bibi aliyeliwa ilikuwa imeshafika mbali. Lakini hakuna aliyenong'ona. Fundi aliweka spika moja tu mbele ya Mjomba, akaisogeza mpaka ikakaa sawa na lile sikio, akazima feni, akafunga mlango. Akashusha sindano swichi ikiwa imeshabonyezwa.

Mtu akakohoa ndani ya santuri. Mwanamke mmoja akaanza peke yake, yule kiongozi, sauti ya juu iliyonyooka kama uzi wa kupimia ukuta. Akauliza jambo kwa wimbo, akanyamaza. Na kundi likamjibu.

Sijui nikuambieje. Walikuwa wengi, na walikuwa karibu. Walikuwa wanawake waliosimama bega kwa bega mbele ya maiki moja, unasikia nani yuko mbele na nani kabanwa nyuma, unasikia viatu vikisogea sakafuni, bangili zikigongana, na chini ya kila neno kuna vifua vinajaa hewa kwa pamoja. Wote wamekwisha kufa. Walijaa katika kile chumba kuliko sisi tuliokuwemo. Nilitaka kusogea niwapishe nafasi.

Mjomba alikuwa hajafumba macho. Aliitazama ile spika waziwazi. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo, kama wa mtu anayesubiri kupewa maji. "Ni watu," alisema. "Nasikia watu."

Kiongozi akauliza tena, kundi likajibu. Na safari hii sote tuliisikia: sauti moja, nene, yenye mkwaruzo wake wa asili ambao hakuna swichi ya kuufuta, iliyoingia kabla ya wenzake. Kidogo tu, kiasi cha kupepesa jicho. Wenzake wakaifuata. Mwisho wa mstari, wao waliposhuka, yenyewe ikapanda, kama mtu ambaye hajaridhika na jibu alilolitoa.

"Huyo," alisema Kinyozi. "Huyo ni mwenye nyumba." Akaninyooshea kidole.

"Nyamaza wewe," alisema Mama Pacha. "Umeshamaliza uongo wa mwaka mzima leo."

"Mama Pacha, sikiliza."

Fundi akainua sindano. Alisema santuri inalika, lakini akairudisha nyuma kidogo, akaishusha. Kiongozi akauliza. Ile sauti nene ikawahi, ikapanda mwisho. Nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, vyote kunitazama mimi. Mama Pacha alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Mimi sikusikia kufanana huko. Mtu haijui sauti yake mwenyewe, na huo ni ukweli. Yangu naijua kutokea ndani ya fuvu, sijawahi kukutana nayo nje. Nilikuwa namtafuta huyo wanayemsema wakati wao wanamsikia kila siku akidai pini na kuita watu.

"Sema kitu," alisema Mjomba.

"Niseme nini?"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mkewe alipofariki. "Hilohilo. Yaani hilohilo." Akageukia watu kama anayewaita washuhudie. "Si mmesikia alivyopandisha mwisho? Mama yake hakuwa hivi, dada yangu alikuwa na kisauti kama filimbi. Huyu hii nene kaitoa wapi?" Kisha akanigeukia, akazungumza na mimi peke yangu, ingawa nyumba nzima ilisikia. "Miaka yote hii unaniita nije kula, unanigombeza kofia imechafuka. Mimi nasema huyu mtoto ana mdomo."

Nilikuwa nimeshika shingo yangu, hapa chini ya kidevu, kama vile nimeambiwa kuna kitu cha mtu nimekibeba bila kujua. Kitu hicho kilipita kwa mama yangu mwenye sauti ya filimbi, kikapita kimya, hakikusema kitu, kikaja kutokea kwangu. Na bibi yangu hakuwahi kujua kwamba nitazaliwa.

"Simama hapa," alisema Mjomba. Akanivuta mpaka nikawa kando ya spika, upande wa sikio lake. "Uimbe naye."

"Wimbo wenyewe siujui, Mjomba."

"Umeusikia mara mbili. Wewe habari ukiisikia mara moja unaisimulia na nyongeza."

Watu wakacheka, na Fundi akarudisha sindano mwanzo bila kusema lolote kuhusu kulika. Mwanamke wa zamani akakohoa. Kiongozi akauliza swali lake. Nikavuta pumzi, na kwenye spika nao wakavuta, nikaisikia pumzi yao pembeni ya shavu langu, nikafungua mdomo.

Mjomba ndiyo sasa akafumba macho. Sikio la kulia lilikuwa katikati yetu, spika huku na mimi huku. Nilimtazama usoni nikiimba. Hakugeukia upande wowote.

Mstari ulipoisha alisema, bila kufumbua macho, "Mmoja wenu kaingia mapema."

"Nani?"

"Sijui," alisema. "Rudieni."